Mkono wa kulia ni upi?

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali, lile linalotangulia la kwanza, nilikuwa na ugonjwa ambao walimu wengi tunao bila kujijua. Kila nikimaliza kueleza jambo nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima, pamoja na yule aliyesinzia kwenye mkeka kule nyuma, linaitikia, "Ndiyooo mwalimu!" Mchana narudi nyumbani roho nyeupe. Watoto wangu wanaelewa, nataka nini tena?

Niseme kwanza kwamba awali sikuiomba. Nilikuwa na darasa la tatu, nikahamishiwa huko, na wenzangu wakanipa pole kama mtu aliyefiwa. Huku kwetu Uyole, Mbeya, mwanaume kufundisha awali bado ni kioja. Siku ya kufungua shule mama mmoja alimleta mwanawe, akaniangalia, akachungulia darasani, akaniuliza, "Samahani baba, mwalimu yuko wapi?"

Kilichoniponya ule ugonjwa wa "mmeelewa" ni mkono wa mtoto mmoja. Ilikuwa mwezi wa sita, ule wakati ambapo Mbeya asubuhi ukisema neno linatoka na moshi. Ili tupate joto nilikuwa nawachezesha: gusa goti, gusa kisigino, nyoosha mkono wa kulia. Wote wananyoosha wa kulia, mmoja wa kushoto. Nikamshika, nikamgeuzia. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza, "Mkono wa kulia ni upi?" Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyechelewa kujifunza. "Huu," akasema, akiinua ule wa kushoto. "Si ndio wa kulia uji?"

Mtoto alikuwa mashoto. Alikula kwa kushoto, na nyumbani hakuna aliyemsumbua kwa hilo. Kiswahili alikisikia neno kwa neno, kwa umakini kuliko mimi niliyekuwa nakifundisha. Mkono wa kulia, ule unaolia chakula. Alikuwa amepata, mimi nikamkosesha siku mbili mfululizo.

Halafu nikajiuliza: hawa wengine walijuaje? Siku iliyofuata nikawaambia wafumbe macho kwanza, ndipo wanyooshe. Ukawa msitu. Kulia, kushoto, wengine yote miwili, mmoja akanyoosha mguu. Kumbe miezi yote ile walikuwa wanamtazama binti mmoja wa mstari wa mbele ambaye dada zake walishamfundisha. Yule ndiye alikuwa anaelewa. Wengine walikuwa wanamuelewa yeye.

Tangu siku hiyo swali la "mmeelewa" nimeliacha. Likiniponyoka, najisikia kama mtu aliyejikwaa hadharani.

Kuelewa hakuonekani mdomoni, kunaonekana kwenye kinachofanyika. Mama yeyote aliyelea analijua hili hata kama hajawahi kulisema. Kitoto cha miezi sita hivi ukikiita jina kinageuka. Kabla hakijatimiza mwaka, ukikiuliza baba yuko wapi kinaangalia mlangoni, na bado hakijatamka neno hata moja la maana. Neno la kwanza linakuja karibu na mwaka mmoja, na kufikia hapo tayari ghala la ndani lina maneno kadhaa ambayo mdomo haujayafikia. Kwenye mwaka na nusu unakiambia "lete kiatu" kinaleta. Kwenye miaka miwili na kitu unakipa mambo mawili kwa mpigo, chukua kikombe umpelekee bibi, na kinafika. Miaka mitatu, minne, kinaanza kumudu matatu, na kinajua kwamba "nani" haijibiwi kama "wapi". Watoto hawalingani, mmoja huwahi na mwingine huchelewa, ila mpangilio ni huo: sikio hutangulia, ulimi hufuata.

Mimi nimekulia Tukuyu, kwenye mvua isiyokwisha na migomba. Mama yangu hakujua mtaala ni nini, lakini sasa nikikumbuka alivyokuwa ananituma, naona alikuwa ananipima kila siku. "Nenda kwa mama jirani. Msalimie kwanza. Mwambie naomba moto. Ukirudi pita nyuma uwafungie kuku." Hebu hesabu yaliyomo. Kuna pa kwenda, kuna adabu, kuna ujumbe, kuna kurudi kwa njia tofauti, kuna kuku. Na katikati kuna mtego ambao mtu mzima hauoni: mama anasema "naomba", lakini mtoto akifika lazima aseme "mama anaomba". Mara ya kwanza nilifika nikasema, "Shikamoo. Naomba moto." Mama jirani akacheka mpaka akakaa. Mtoto wa miaka minne unaomba moto wa nini, unaenda kuchoma nyumba ya nani?

Siku hizi watoto hawatumwi. Siwalaumu wazazi. Barabara ya Tunduma inapita hapa na malori ya Zambia na Kongo yanashuka usiku na mchana, na bajaji ndiyo hazina breki kabisa. Ujumbe unakwenda kwa simu. Mtoto anakaa ndani anaangalia katuni zinazoongea peke yake, hazimsubiri ajibu, hazijui kama amefuata. Hapo ndipo nilipopata wazo la kurudisha kutumwa shuleni. Kila siku watoto wanne wanatumwa: kwa mwalimu wa zamu, kwa mama anayepika uji, darasa la pili, kwa mwalimu mkuu. Tulianza na jambo moja, "kamletee mwalimu chaki hii". Kisha mawili. Kisha ujumbe wa mdomo usio na kitu mkononi, ambao ndio mgumu kuliko yote kwa sababu njiani hakuna cha kukukumbusha.

Baadhi ya wazazi hawakupenda. Wanakuja na daftari mkononi. "Mwalimu, mwanangu ana miezi miwili hapa na daftari lina kurasa nne tu zenye vema." Namuelewa mzazi huyu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ndiyo iliyosema awali iwe ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 5. Likishaitwa shule na likishakuwa la lazima, mzazi anataka aone kazi, na kazi anayoiona ni wino mwekundu. Kutumwa kwa mama wa uji hakuachi alama kwenye daftari.

Lakini nimetoka darasa la tatu, na ninajua kinachokuja. Kule nilikuwa na msichana anayesoma kama maji. Nampa sentensi, "Mkulima alivuna viazi akampelekea mjomba wake sokoni," anaiteleza bila kukwama. Namuuliza, "Nani alipelekewa viazi?" Anarudisha macho kwenye karatasi, anaisoma upya sentensi yote, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Namuuliza tena. Anaisoma tena. Kwake yeye, jibu la swali lolote kuhusu maandishi lilikuwa ni kuyatoa sauti. Na hakuwa peke yake.

Kiswahili kinatudanganya hapa, na kinatudanganya kwa wema wake. Vokali tano, ba be bi bo bu, kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika silabi anaweza kukusomea gazeti zima na asijue limesema nini. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika kwamba kuelewa maandishi ni kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kuyatambua maneno, mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe inaposemwa. Wao walikuwa wanawaza watoto wa Kiingereza, ambako tahajia ni vita na upande wa kwanza unasumbua kwa miaka. Kwetu upande wa kwanza mtoto anaumaliza mapema. Kinachobaki kuamua ni upande wa pili. Na kwenye kuzidisha, sifuri upande mmoja inakula kila kitu, hata kama upande mwingine una mia. Yule msichana alikuwa na mia yake. Huo upande wa pili haujengwi darasa la tatu. Unajengwa jikoni na kwenye mkeka wa awali, kabla mtoto hajaiona herufi.

Mwaka wa pili nilipokea mvulana, nitamwita Lusajo. Alitoka kwa bibi yake kijijini Rungwe, kule juu ya Kiwira, akaletwa mjini kwa mama yake mdogo. Wiki tano hakusema neno. Ukimwambia kaa, amesimama. Ukimwambia lete, anatazama. Mwenzangu mmoja, mtu mwema tu, akaniambia nisijichoshe, huyo ana kichwa kizito. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishaanza kumpeleka nyuma ya darasa.

Siku moja bibi mwenyewe akashuka mjini, akaja kumchukua mchana. Akasimama mlangoni, akasema kitu kimoja kirefu kwa Kinyakyusa, kwa pumzi moja, bila hata kunyoosha kidole. Mtoto akainuka, akachukua sweta lake kwenye msumari, akaokota chupa ya maji iliyobingirika chini ya benchi, akaweka mkeka sawa, akaja mbele yangu akaniinamia kuniaga. Mambo manne, kwa mpangilio alioambiwa. Katika darasa lile hakukuwa na watoto wengi wa kufanya vile.

Aibu niliyoipata siku hiyo ilikuwa ya aina yake, maana mimi ni mtoto wa Tukuyu. Lugha ile ninayo. Mlango wa mtoto huyu ulikuwa hapo siku zote na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu; sikuutoa kwa sababu nilikulia kwenye shule ambayo ukikamatwa unaongea kilugha unachapwa, na mwili haujasahau. Asubuhi iliyofuata nikamsogelea, nikamwambia taratibu, "Ugonile." Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akacheka, kile kicheko cha mtu aliyemkuta jirani yake ugenini.

Tukaenda hivyo. Kila agizo namwambia kwanza kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili, na mkono unaonyesha. Baadaye Kiswahili kikatangulia. Baadaye kikabaki peke yake. Haikuchukua muda mrefu, na nadhani ni kwa sababu hakuwa anaanza moja. Hizi lugha ni ndugu. Kwao mtu ni umundu, watu ni abandu. Mtoto anayejua kwamba mwanzo wa neno ndio unaobadilika anapovuka kutoka mmoja kwenda wengi, hahitaji kufundishwa jambo hilo upya, anabadilishiwa nguo tu. Ndiyo maana nikisikia mzazi anamkataza bibi asiongee na wajukuu kilugha "atawachanganya", naumia. Bibi ndiye mwenye hadithi. Ukimnyamazisha, mtoto hapati Kiswahili zaidi, anapata ukimya zaidi.

Kweli, siwezi kuwa na lugha zote. Darasani nina watoto wa Kisafwa, wa Kindali, wa Kinyiha, Wakinga ambao baba zao wana maduka Mwanjelwa. Kwa hao naazima watu: kaka wa darasa la nne, mama anayekuja kumleta mdogo. Dakika tano zinatosha kuniambia kama mtoto haelewi, au haelewi mimi.

Kuna kisa kingine kilichonifundisha nisikimbilie kusema mtoto ni mkaidi. Miezi ya baridi kila pua inatiririka. Binti mmoja alikuwa ukimwita kwa mbele anakuja, ukimwita kwa nyuma anaendelea na mambo yake. Nikasimama mgongoni mwake, nikaziba mdomo kwa daftari, nikasema kwa sauti ya chini, "Anayetaka kugawa uji aje." Wote wakaruka, yeye akabaki anapanga vizibo vyake. Mama yake alisema sikio limekuwa likitoa usaha linaacha, linatoa linaacha, wamelizoea. Akapelekwa kituo cha afya, akatibiwa. Usizoee sikio la mtoto. Ndilo dirisha ninalofanyia kazi mimi.

Sasa nirudi kwenye Kiswahili chenyewe, maana kina kona zake za kujificha. Nina wanyama wawili niliowatengeneza kwa magunzi ya mahindi, kuku na mbwa. Nasema, "Kuku amefukuzwa na mbwa, nionyesheni." Wanaonyesha vizuri, na ukiishia hapo utawapa vema. Lakini hapo hawajaisikia sentensi, wameitumia akili yao ya nyumbani, mbwa si ndiye anayefukuza kuku siku zote? Nageuza: "Mbwa amefukuzwa na kuku." Wengi wanamkimbiza kuku vilevile. Ile "w" ndogo katikati ya "fukuzwa" imepita bila kuguswa. Kumbe ndiyo iliyobeba habari yote. Wakicheza hivyo wiki mbili tatu, wakabishana, wakacheka kuku mwenye hasira anayekimbiza mbwa mpaka Mbalizi, ile "w" inaanza kusikika. Hali kadhalika "amemletea mama maji" na "ameletewa maji na mama". Hali kadhalika "usikae kabla hujafunga mlango", ambayo mwanzoni darasa zima lilikuwa linaitii kwa kukaa.

Hadithi ndiyo naipenda kuliko vyote, ila sisimulii tena kama nilivyosimuliwa, mwanzo mpaka mwisho watoto wakiwa kimya. Paukwa, wanaitikia pakawa, tunaanza, na katikati nakata. Sungura yuko juu ya mti, fisi yuko chini, mvua inakuja. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Kwa nini fisi haondoki? Vitabu vya picha hatuna vya kutosha, kwa hiyo nina kalenda ya zamani ya duka la pembejeo, miezi kumi na miwili ya mahindi na trekta na mama mwenye khanga. Siulizi tu "hii ni nini", maana hilo linaishia kwenye "trekta!" ya pamoja. Nauliza huyu mama anatoka wapi, amekasirikia nini, baada ya hapa anaenda wapi. Mwaka 1988 Marekani, Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo kusoma vitabu vya picha kwa namna hii, kwa maswali yaliyo wazi na kwa kumwachia mtoto awe msimuliaji, na baada ya mwezi mmoja watoto hao waliwaacha wenzao kwa kujieleza. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hadithi yake moja ilikuwa inachukua jioni tatu kwa sababu ya maswali yake.

Vitendawili navyo. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Nilikuwa nasubiri yai. Mvulana mmoja akanyoosha mkono kwa uhakika, "Ni pagale letu. Baba kasema mpaka mwakani." Nikampa mji.

Wazazi wenye uwezo kidogo wana shida ya peke yao, na nitaipita haraka kwa sababu nikianza sitamaliza. Wanamtayarisha mtoto kwa shule ya Kiingereza, basi nyumbani wanamsemesha Kiingereza. Kiingereza gani? Cha amri. Kaa, njoo, acha, kula. Maneno hamsini ambayo mzazi mwenyewe anayamudu. Mtoto anakuja kwangu anajua kuimba rangi kwa Kiingereza, lakini hajui kiwiko, hajui ukope, hajui neno "ingawa" katika lugha yoyote. Mpe lugha uliyonayo kwa wingi, ile unayoweza kugombana nayo, kutania nayo, kumweleza kwa nini jua linazama nyuma ya mlima.

Lusajo, kama mnataka kujua. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, ilikuwa zamu yake kutumwa. Nikamwambia: nenda kwa mama wa uji, msalimie, mwambie leo tumepungua wawili, muulize uji utakuwa tayari baada ya muda gani, ukirudi mpitie mwalimu wa zamu umwambie kengele isubiri. Nikasimama dirishani. Nikamwona anavuka uwanja midomo inachezacheza, anarudia. Akaingia jikoni. Akakaa sana, nikaanza kuona nimezidisha. Akatoka, akapita kwa mwalimu wa zamu, akaja mpaka mbele ya meza yangu, akashika mikono nyuma.

"Mama wa uji anasema marahaba. Anasema uji bado, kuni mbichi. Mwalimu wa zamu anasema sawa." Akavuta pumzi. "Na mama wa uji anauliza, kwani mwalimu hana miguu?"

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia unayo. Miwili."